Mgongo wa Picha: John Kobal na Haki ya Wapiga Picha wa Hollywood

Kila picha iliyochapishwa katika karatasi ina uso na ina mgongo. Uso hutazamwa na watu wote. Mgongo hutazamwa na wachache: mhariri wa gazeti, karani wa hifadhi, na mkusanyaji. Katika picha za Hollywood zilizopigwa baina ya miaka ya 1920 na 1950, mgongo ndio uliobeba habari nyingi zaidi. Hapo hugundishwa karatasi ya maelezo iliyopigwa taipu na idara ya matangazo ya studio. Hapo huandikwa jina la filamu. Hapo huonekana tarehe ya gazeti lililoitumia picha, na alama za kalamu za mhariri. Mara nyingine, wala si kila mara, hapo pia hupatikana muhuri wenye jina la mtu aliyeipiga.

Vitabu vikubwa vya picha hizo, vyenye karatasi nzito na wino mweusi wa kupendeza, huchapisha uso peke yake, na msomaji huvifungua akastarehe kwa uzuri. Swali ambalo mhakiki hana budi kuliuliza ni hili: mgongo umekwenda wapi? Na ikiwa mkusanyaji ndiye aliyeusoma mgongo huo kwa niaba yetu, je, ametufikishia yote aliyoyasoma?

Mtu anayefaa kuulizwa swali hili kuliko wengi ni John Kobal, maana ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi. Alizaliwa mwaka 1940 katika mji wa Linz, Austria, akakulia Kanada, kisha akahamia London akitaka kuwa mwigizaji. Uigizaji haukumpa riziki, lakini mapenzi ya sinema hayakumtoka. Alianza kukusanya picha katika wakati ambao wenyewe waliozitengeneza walizihesabu kuwa takataka. Studio zilikuwa zimekwishapata faida yake: picha zilipigwa ili kuuza filamu, filamu ikisha kuuzwa picha haina kazi. Makabati yakijaa, hutupwa. Kobal akawa mwokotaji wa vilivyotupwa, na kutokana na uokotaji huo akajenga hazina iliyokuja kuitwa kwa jina lake, ambayo wachapishaji wa vitabu na magazeti walikwenda kuazima picha kwa malipo.

Kitabu chake kilichobadilisha mambo ni The Art of the Great Hollywood Portrait Photographers, kilichotolewa na Alfred A. Knopf wa New York mwaka 1980. Jina lenyewe ni hoja. Kabla yake, vitabu vya aina hii vilipangwa kwa majina ya nyota: hapa Garbo, pale Dietrich, kule Gable. Kobal alipindua mpangilio. Aliweka mbele wapiga picha, akadai kwamba hao walikuwa wasanii wenye mikono yao tofauti, na kwamba jicho lililozoea laweza kuutambua mkono wa huyu na wa yule hata pasipo na jina. Anayependa mashairi hatashangazwa na dai hilo. Msikilizaji mzoefu husikia beti mbili tatu akajua mtunzi ni nani, kabla ya tamati kulitaja jina. Lakini kwa picha za matangazo, dai hilo lilikuwa jipya, na lilihitaji ushahidi.

Ushahidi aliupata kwa miguu yake. Mwaka 1969 alikwenda kutazama upigaji wa filamu ya Myra Breckinridge, ambayo Mae West alikuwa anarejea kwayo katika sinema baada ya miaka mingi. Pale alimkuta mpiga picha mzee aliyeajiriwa kupiga picha za mnato: George Hurrell. Huyu ndiye aliyekuwa bwana wa taa za Hollywood katika miaka ya 1930, na sasa alikuwa kibarua miongoni mwa vibarua. Kuanzia hapo Kobal aliwatafuta wengine mmoja mmoja, akawahoji, akawakutanisha na filamu hasi zao walizoziacha miaka mingi nyuma, nao wakachapisha upya picha kwa ajili ya maonyesho. Mwaka 1974 kazi hizo zilioneshwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, na mwaka 1980 zikaingia katika Museum of Modern Art, New York. Kazi iliyopigwa ili iwekwe katika bahasha na kupelekwa magazetini bila malipo ilikuwa sasa imetundikwa ukutani.

Ili kuuona uzito wa jambo hili, yafaa kueleza kazi yenyewe ilivyokuwa. Mpiga picha wa studio aliajiriwa kwa mshahara. Kamera yake ilikuwa kubwa, ya kusimama kwa miguu mitatu, na filamu yake ilikuwa bapa, ya inchi 8 kwa 10, ikipigwa moja moja. Nyota alikuja akiwa ameshapambwa na watu wa nguo na wa nywele. Mpiga picha aliweka taa, akapiga, kisha filamu hasi ikachukuliwa na mrekebishaji, ambaye kwa penseli yenye ncha kali na kisu chembamba alifuta mikunjo, akapunguza kidevu, akalainisha shingo. Baada ya hapo picha zilichapishwa kwa wingi na kutumwa kwa magazeti na kwa majarida ya mashabiki kama Photoplay. Picha ilikuwa mali ya studio tangu mwanzo hadi mwisho. Jina la mpiga picha lilitajwa ikiwa mhariri alipenda.

Hata hivyo, ndani ya karakana hiyo ya biashara kulikuwa na watu waliojua thamani ya taa. Kisa cha Norma Shearer kinatosha kuwa mfano. Mwaka 1929 mwigizaji huyu alitaka kucheza sehemu ya mwanamke jasiri katika filamu ya The Divorcee, lakini studio ya MGM, ambayo mumewe Irving Thalberg alikuwa mmoja wa wakuu wake, ilimwona ni mpole mno kwa sehemu hiyo. Shearer akamwendea Hurrell, kijana aliyetoka katika uchoraji, akapigwa picha zilizomwonesha kwa namna ambayo haijapata kuonekana: nywele zimeanguka, bega wazi, macho hayaombi radhi. Thalberg alipoziona alibadili mawazo. Shearer akapewa sehemu, filamu ikatoka mwaka 1930, akashinda tuzo ya Oscar, na Hurrell akaajiriwa na MGM. Picha haikufuata filamu; filamu ndiyo iliyofuata picha. Kobal alikuwa na haki kusema kwamba aliyefanya hivyo hakuwa fundi wa kubofya tu.

Mfano wa pili ni wa Ruth Harriet Louise. Binti huyu wa rabi aliingia MGM mwaka 1925 akiwa na umri wa miaka 22 tu, akawa mkuu wa studio yake ya picha za sura, mwanamke wa pekee mwenye cheo hicho Hollywood kwa wakati ule. Alimpiga picha Greta Garbo alipokuwa mgeni asiyejulikana Marekani, akashiriki kuunda ile sura ambayo baadaye Clarence Sinclair Bull aliikamilisha na kusifiwa kwayo. Kufikia mwaka 1930 Louise alikuwa ameondoka MGM, na mwaka 1940 alifariki, bado kijana. Jina lake likazama. Sura alizozitengeneza zilibaki zikielea duniani kote, zikiwa yatima. Mkusanyaji anayegeuza picha, akasoma muhuri, na kusema "hii ni ya Louise", anamrudishia mtoto mamaye.

Wapenzi wa ushairi wa mwambao wanalijua deni la namna hii. Lau si Mwalimu Sikujua Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, mashairi mengi ya Muyaka bin Haji yangalipotea pamoja na wazee waliokuwa wakiyahifadhi vifuani. Yeye ndiye aliyeyakusanya na kuyaeleza, naye mmisionari William Taylor akapata nakala, na hatimaye mwaka 1940 William Hichens akachapisha diwani huko Johannesburg. Muyaka tunamtaja kila siku, na ni haki yake. Lakini ni wangapi wanaomtaja Sikujua? Mkusanyaji ni kama dalali wa umauti: husimama baina ya kaburi na msomaji, na asiposimama hapo, hakuna mashairi wala picha. Kwa kipimo hicho, sifa za Kobal hazina mgogoro.

Mgogoro unaanza pale mkusanyaji anapogeuka mchapishaji. Kukusanya ni kuongeza. Kuchapisha ni kuchagua, na kuchagua ni kuacha. Kobal alichagua uzuri. Alitafuta zile picha ambazo taa na kivuli vimekutana barabara, akazipa nafasi na weupe wa ukurasa. Kwa hivyo aliwafanyia wapiga picha haki kubwa, lakini papo hapo alifanya mambo mawili ambayo yahitaji kusemwa.

La kwanza ni kwamba alimpa mpiga picha jina ambalo lilipaswa kugawanywa. Ipo jozi ya picha mashuhuri ya Joan Crawford, aliyopigwa na Hurrell mwaka 1931 kwa ajili ya filamu ya Laughing Sinners. Katika ya kwanza, kabla ya marekebisho, uso wa Crawford umejaa madoadoa ya ngozi na mikunjo myembamba ya macho. Ni uso wa mwanamke mwenye maisha. Katika ya pili, uso ni laini kama gamba la yai. Kilichofanyika baina ya picha hizo mbili ni kazi ya mrekebishaji James Sharp. Ukiitazama ile jozi kwa utulivu huwezi tena kuisifu picha ya pili kwa jina la Hurrell peke yake. Taa ni za Hurrell, ngozi ni ya Sharp, na amri ni ya studio. Nadharia ya msanii mmoja mwenye mkono wake, ambayo Kobal aliikopa kutoka katika uhakiki wa uchoraji, inawatoa katika giza watu kumi na kuwaingiza gizani mia. Mtu aliyepigania haki ya wasio na majina angalitegemewa kulihisi jambo hili kuliko wengine.

La pili ni zito zaidi. Uso wa picha ya Hollywood ulitengenezwa ili usiseme kitu, na uchapishaji wa kifahari unausaidia kunyamaza. Chukua picha za Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles mwaka 1905, mtoto wa wazazi wa asili ya Kichina. Zipo picha zake ambazo kwa utulivu na umbo hazipitwi na za Garbo. Mtazamaji wa leo anaweza kudhani kwamba aliyepigwa picha hizo alikuwa malkia wa studio. Lakini ilipotengenezwa The Good Earth, filamu iliyotoka mwaka 1937 kuhusu wakulima wa China, Wong hakupewa sehemu kuu ya mwanamke. Ilipewa Luise Rainer, Mzungu aliyepakwa rangi na kupambwa afanane na Mchina, naye akapata Oscar kwa kazi hiyo. Picha ya Wong yenyewe haidanganyi, ila haijaulizwa. Ikichapishwa peke yake katika ukurasa mweupe, bila maelezo ya mgongoni, bila filamu aliyonyimwa, inakuwa ushahidi wa uongo: kwamba milango ilikuwa wazi kwa kila mwenye uzuri.

Hapa ndipo picha za magazeti zinapofaa kuletwa kuwa kipimo. Wakati Hurrell akitandika taa zake Hollywood, Arthur Fellig, aliyejulikana kwa jina la Weegee, alikuwa akizunguka mitaa ya New York usiku, redio ya polisi ndani ya gari lake, akipiga picha za maiti, mioto, na watu waliolala nje kwa joto. Taa yake ilikuwa moja, ya kumulika kwa ghafla, nayo haikulainisha kitu. Tofauti yake na watu wa studio haikuwa katika taa tu. Weegee hakungoja mkusanyaji amtafutie jina. Alichonga muhuri wake mwenyewe, akaugonga mgongoni mwa picha zake, ukiwataka wahariri wamtaje kuwa ni Weegee Mashuhuri. Ni kiburi cha mtunzi anayelifunga jina lake ndani ya beti ya mwisho ili asije mwingine akalidai shairi. Mwaka 1945 akakusanya picha zake mwenyewe katika kitabu, Naked City, akaziandikia maneno yake mwenyewe. Mpigaji, mkusanyaji na mchapishaji wakawa mtu mmoja.

Je, picha yake ilisema kweli zaidi? Si lazima. Picha yake maarufu iitwayo The Critic, ya mwezi wa Novemba 1943, inaonesha mabibi wawili wa kitajiri wakiingia katika nyumba ya opera wakiwa wamejaa vito, na pembeni mwanamke fukara akiwakodolea macho kwa chuki. Miaka mingi baadaye, msaidizi wake alieleza kwamba mwanamke yule aliletwa pale kwa makusudi, tena akiwa amelewa. Kwa hiyo gazeti nalo lilipanga jukwaa kama studio ilivyopanga. Faida ya Weegee ni nyingine: kitabu chake kiliacha picha ikae na maneno, na tukio, na mtaa. Mtu anaweza kubishana nacho. Kitabu cha Kobal, kwa uzuri wake wote, hakibishiki. Mtu hukipenda tu.

Lipo na suala la mali, nalo si la kupuuzwa na wanaopenda sanaa. Picha nyingi za matangazo zilitawanywa bila tangazo la hakimiliki, na kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1909 kazi iliyochapishwa bila tangazo hilo iliweza kupoteza ulinzi wake. Hivyo anayemiliki karatasi ndiye aliyekuja kumiliki mlango. Wapiga picha walilipwa mshahara mara moja. Wakusanyaji na makampuni wamelipwa kila picha ilipoazimwa. Njia hiyo inafika mbali. Otto Bettmann, mkutubi aliyefukuzwa kazi Berlin na Wanazi mwaka 1933, aliingia New York mwaka 1935 na masanduku mawili yaliyojaa picha, akaanzisha hifadhi iliyokuja kumeza mamilioni ya picha za magazeti. Mwaka 1995 hifadhi hiyo ilinunuliwa na Corbis, kampuni ya Bill Gates, na miaka michache baadaye ikapelekwa kuhifadhiwa katika baridi kali ndani ya mgodi wa zamani wa mawe ya chokaa huko Pennsylvania, zaidi ya mita 60 chini ya ardhi. Mwaka 2016 picha za Corbis ziliuzwa tena, kwa kampuni ya China. Baridi ile imeziokoa karatasi zisioze, na hilo ni jema. Lakini picha iliyo chini ya ardhi hutazamwa kwa nakala ya uso wake. Mgongo umezikwa.

Kwa upande huu Kobal anastahili kutofautishwa na wafanyabiashara wa kawaida. Kabla ya kufariki mwaka 1991, aliuweka mkusanyo wake wa filamu hasi na picha bora chini ya taasisi yenye jina lake, na kutoka hapo ikaja tuzo ya picha za sura iliyotolewa kupitia National Portrait Gallery ya London tangu mwaka 1993 hadi 2002. Fedha zilizotokana na wafu zikawasaidia wapiga picha walio hai. Mwaka 2011 jumba hilohilo lilionesha mkusanyo wake kwa jina la Glamour of the Gods. Jina hilo, utukufu wa miungu, lingalimfurahisha, nalo ndilo kosa lake kwa maneno machache. Miungu haina mgongo. Haina mrekebishaji, haina mshahara, haina sehemu iliyonyimwa.

Ajabu ni kwamba Kobal mwenyewe alikuwa na dawa mkononi. Kitabu chake kingine, People Will Talk, kilichotoka katikati ya miaka ya 1980, ni mkusanyo wa mahojiano na watu wa sinema, Gloria Swanson na Mae West wakiwamo. Humo watu husema: hujisifu, hulalamika, hutaja walichonyimwa. Kitabu kile ndicho mgongo wa kitabu cha picha. Mmoja una sura zisizosema, wa pili una sauti zisizo na vivuli. Angalivifunga pamoja katika jalada moja, uso upande huu na maneno upande ule, tungalikuwa na kazi ambayo haijapata kuonekana katika fani hii.

Kazi hiyo bado inangoja mtu. Maktaba ya Margaret Herrick ya Beverly Hills peke yake ina zaidi ya picha milioni 10, na migongo yake. Mchapishaji atakayethubutu kuchapisha pande zote mbili za karatasi, pamoja na gundi iliyokauka, maelezo ya idara ya matangazo yenye chumvi nyingi, alama za penseli, na muhuri uliofifia, atapunguza uzuri wa kitabu chake. Atawapa wasomaji, badala ya miungu, watu waliofanya kazi. Kobal alitufundisha kulisoma jina la mpiga picha, na kwa hilo mwenye haki apewe haki yake. Waliobaki wamo upande uleule alioufunua na kisha akaulaza kifudifudi.